Mkwe Aliyeitwa Sungura

Katika kanisa lile la kando ya mto, kusini mwa mji wa Wenzhou, China, hakuna mwanamke aliyejua kuwasema wale wanyama kumi na wawili ambao Wachina huipa miaka majina yao kama Pan Cuie. Kila mwaka mpya ulipokaribia, darasa la akina mama alikabidhiwa yeye, naye hakuwaonea haya. "Jogoo wa kukumbuka ni yule aliyemliza Petro," aliwaambia. "Ng'ombe wa kukumbuka ni yule aliyemwazima Bwana hori lake. Na Danieli alipotupwa kwa simba, kuna simba aliyemuuliza, 'Samahani kijana, wewe umezaliwa mwaka wa mnyama gani?'" Akina mama walicheka hadi wakashika mbavu, na wawili watatu waliokuwa wamevaa mikanda myekundu ya kukinga mikosi wakazishusha sweta zao kimyakimya.

Mwaka uliokuwa unakaribia ni wa nyoka, na darasani palizuka ubishi: Mkristo abandike nyoka wa karatasi dirishani au asibandike? Cuie aliumaliza ubishi palepale. Nyoka wa shaba aliinuliwa jangwani na watu wakapona, alisema, lakini aliyewaponya ni Mungu, si shaba. "Ubandike, usibandike, shauri lako. Lakini anayeogopa karatasi aje mbele tumwombee." Hakuna aliyekwenda mbele.

Kisha akatoa ushuhuda wake, uleule wa kila mwaka. Yeye mwenyewe alizaliwa mwaka wa simbamarara, na watu husema mwanamke wa mwaka huo humla mumewe. Mume wake alifariki ndoa yao haijafika miaka mitatu, mtoto hata kutembea hajui vizuri. Mama mkwe akamtupia nguo zake nje majirani wakitazama, akamwambia, "Umeshiba sasa? Nenda." Kanisa likampokea yeye na mwanawe. "Bwana alinivua ngozi ya simbamarara," Cuie alimalizia, "na mimi sijaivaa tena." Wakaitikia amina.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini mtu anayesimulia kovu lake vizuri namna ile, mwaka hadi mwaka, nani atamshuku kwamba bado linamuuma?

Darasa lilipokwisha, Cuie alibaki kukunja viti pamoja na dada Xiang Yuelan, mama mnene ambaye siri kwake ni mtama kwenye kuku wengi. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tu Enguang, mtoto wa pekee wa Cuie, amuoe Zhuo Liwen, binti aliyekuwa akiuza dawa katika duka karibu na soko. Yuelan alikuwa na furaha kuliko wenye harusi.

"Mkweo namjua tangu yumo tumboni!" alisema. "Mimi na mama yake ukuta mmoja. Uchungu ulimshika siku ile ya kumuaga mungu wa jikoni, peremende za kumgandisha mzee wa watu mdomo asitusemelee huko mbinguni bado ziko mkononi. Mpaka leo pale kijijini Liwen tunamwita Peremende!"

Cuie alicheka pamoja naye. Alikunja kiti kimoja zaidi, halafu mikono ikasimama. Mungu wa jikoni huagwa katika wiki ya mwisho ya mwaka wa kalenda ya zamani. Ya mwisho, si ya kwanza.

Siku Enguang alipomleta Liwen nyumbani mara ya kwanza, Cuie alimuuliza mwaka aliozaliwa, uulizaji wa mdomoni tu, huku akimpakulia mchuzi wa mipira ya samaki wa kusagwa. Binti alifungua kinywa, lakini Enguang akamuwahi. "Sungura, mama. Mpole kama unavyomwona." Na Cuie, mwalimu wa akina mama, mpinga ushirikina, alijisikia mwepesi kifuani, akamwongezea binti mipira miwili. Fomu ya ndoa aliipeleka ofisini kwa mchungaji kwa mkono wake mwenyewe: tarehe tisa Februari, mwaka tisini na tisa. Mwaka huo ni wa sungura. Lakini ni wa sungura kuanzia lini?

Simu yake ingemjibu mara moja. Ila simu ile Enguang ndiye aliyekuwa akimrekebishia, na Cuie hakujua inaficha nini na inatoboa nini. Kwa hiyo alipita uchochoro wa nyuma hadi dukani kwa Zheng muuza uvumba, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu abatizwe.

"Eeh, mwalimu wa kanisa!" Zheng aliinuka na glasi yake ya chai. "Umepotea njia, au huko kwenu mmeanza kuchoma uvumba?"

"Punguza sauti, wewe mzee. Nina tarehe nataka unitazamie kwenye kalenda ya zamani."

"Lo! Leo jua limechomoza magharibi. Taja."

Alitaja, akasema ni siku ya kuzaliwa ya binti mmoja. Zheng alilowesha kidole, akafunua kurasa za kitabu kilichochakaa, akakisogeza karibu na macho. "Mwezi wa kumi na mbili, siku ya ishirini na nne. Mwaka mpya wa sungura uliingia wiki nzima baadaye. Huyu si sungura, dada yangu. Huyu ni simbamarara, mkia na masharubu. Mtoto wa nani?"

"Wa mtu."

"Basi mwambie huyo mtu amtafutie mume aliyechoka kuishi." Zheng alicheka peke yake. Halafu akakumbuka anacheka na nani, kicheko kikamkauka. "Nisamehe, dada. Nilisahau."

Cuie alisema haina neno. Alinunua mishumaa asiyoihitaji, apate tu kitu cha kushika mkononi.

Njiani alijiambia kwamba tatizo si mnyama. Mnyama ni upuuzi wa wasiomjua Mungu. Tatizo ni uongo. Binti anayeficha siku yake ya kuzaliwa ataficha nini kesho? Maneno mazuri hayo, na hata mimi ningeyaamini kama asingekuwa amepitiliza mlango wa nyumba yake mara mbili. Enguang alikuwa fundi wa lifti. Kila siku ya Mungu alishuka ndani ya mashimo yale marefu ya majengo, juu yake nyaya na chini yake giza, na tangu atoke dukani kwa Zheng, Cuie alimwona akianguka. Alimwona akianguka alipokuwa akikosha mchele, na alipokuwa akiimba tenzi.

Akaanza kumchunguza Liwen. Binti alipokuja kula, Cuie alitazama anavyoshika vijiti, anavyotafuna nyama, anavyomtazama Enguang anapokunywa mchuzi. Mwanzoni upole wake aliuona adabu, sasa aliuona mtego. Jumanne Enguang alirudi na kidole kimefungwa bendeji.

"Nini hiyo?" Cuie aliruka.

"Bisibisi iliteleza, mama. Mkwaruzo tu."

"Nimemfunga mimi dukani," Liwen alisema. "Kidonda si kirefu."

"Kwa nini alikuja kwako kwanza?"

Wote wawili walimtazama. "Kwa sababu anauza bendeji, mama," Enguang alisema, akacheka. Liwen hakucheka. Aliinamisha macho, na Cuie akajiambia: anajua kwamba najua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alisali pia, msidhani hakusali. Alimkumbusha Mungu ile ahadi ya siku ambayo chui atalala na mwana-mbuzi na hakuna atakayedhuru. Lakini kila alipofika hapo aliona kwamba siku hiyo haijafika, na mwana-mbuzi wake yeye anaoa Februari hii isiyosubiri mtu. Ijumaa akaamua. Ndoa hii haifungwi. Angemfumania binti na uongo wake, angelia kidogo, na kanisa zima lingemuunga mkono, maana nani atatetea mwongo?

Jumamosi alasiri alipanda hadi ghorofa ya sita, kwenye nyumba mpya ya maharusi. Mlango ulikuwa wazi. Enguang alikuwa ametoka kununua taa. Liwen alikuwa chumbani, miguu mitupu, akipigana na shuka jekundu la kitanda cha harusi.

"Shangazi!" alimwita, kama binti wa huko anavyomwita mama wa mchumba wake. "Afadhali umekuja. Ingia unishikie upande huo, shuka hili limenishinda."

"Hapa panatosha," Cuie alisema, akasimama mlangoni.

Hakuwa amevuka mlango wa chumba cha maharusi kwa miaka ishirini na sita. Kitanda cha harusi hutandikwa na mwanamke mwenye bahati ambaye mumewe yu hai; mjane tena simbamarara, nani angemwita? Dada wa kanisani walipomwita hata hivyo, aliwaambia magoti yanamsumbua. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini magoti hayo huuma kwenye kizingiti hicho tu.

"Liwen, wewe ni wa mwaka gani?"

"Tisini na tisa, shang..."

"Sikukuuliza namba."

Liwen aliachia shuka. Alinyooka, akamtazama usoni. "Simbamarara, shangazi."

Cuie alikuwa amejiandaa kwa kiapo, kwa machozi, kwa kila kitu isipokuwa jibu. "Kwa hiyo mlinidanganya," alisema. "Ndani ya nyumba yangu, mkila chakula changu."

"Tulikudanganya, na ni kosa. Mchungaji anajua. Wazee wa kanisa wanajua. Hukuambiwa wewe tu."

"Mimi! Mimi ninayewafundisha wenzangu miaka yote hii! Mlinifanya mpagani? Mlidhani nitamkataa mtoto wa watu kwa ajili ya mnyama?"

Alisikia sauti yake ikipasuka kwenye neno lile la mwisho, maana ndicho hasa alichopandia ngazi.

"Mimi nilitaka kukwambia siku ile ile," Liwen alisema. "Nimekua nikisikia ushuhuda wako. Nilisema moyoni, mji mzima huu, mama mkwe mmoja tu ambaye sitamwogopa ni huyu. Enguang ndiye aliyekataa."

"Kwa nini akatae?"

Liwen aliokota ncha ya shuka, akaikunja na kuikunjua.

"Sema, mwanangu. Umeshaanza."

"Alikuwa na miaka tisa. Alitoka shule mapema, akakukuta umepiga magoti kando ya cherehani, unaomba. Alikusikia ukisema, 'Bwana, nisamehe kwa kumla.' Akatoka nje kwa kunyata, akakaa ngazini mpaka ulipomwita." Liwen alifuta pua kwa kiganja. "Aliniambia, 'Mama akikukataa, nitavumilia, nitambembeleza. Lakini siwezi kumwona akigundua kwamba bado anaamini alimuua baba.'"

Cuie alishika fremu ya mlango. Aliitafuta hasira aliyokuja nayo, akaikosa. Miaka kumi na tisa mtoto amembebea siri yake, amekaa benchi la mbele akiitikia amina, akijua.

"Nilikuja kuvunja harusi," alisema. Hakuwa na nguvu ya kusema kingine. "Kila anapoingia kwenye yale mashimo namwona anaanguka. Silali. Naogopa, Liwen. Naogopa mno."

"Na mimi naogopa. Akichelewa dakika kumi naanza kumpigia simu. Lakini ni kwa sababu ya kazi yake, shangazi, si kwa sababu ya meno yangu." Alikuja hadi karibu na kizingiti, akakaa sakafuni upande wake wa ndani. "Baba yake alikufaje?"

Katika ushuhuda, Cuie huruka hapo. Hutoka harusini na kuangukia kwenye nguo zilizotupwa nje, na katikati hapo hapaulizwi. Mama mkwe hakuuliza, wazee wa kanisa waliona aibu kuuliza, na mtoto alipouliza aliambiwa ni mapenzi ya Mungu.

"Alianguka," alisema. "Walikuwa wanajenga ghorofa nne, upande wa soko la zamani. Jukwaa la mianzi likafunguka."

"Likafunguka kwa nini?"

"Kamba." Alikwangua rangi ya fremu kwa ukucha. "Kamba zilikuwa zimeoza. Alinambia asubuhi ile akinywa uji. Walimweleza msimamizi, akasema zitatufikisha Jumamosi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mtoni. Nilikuwa nafua nepi."

Aliposema hivyo aliyasikia maneno yake mwenyewe. Akarudia polepole, kama mtu anayesomewa barua na kuomba isomwe tena: alikuwa mtoni, anafua nepi, maji yalikuwa baridi. Kisha akalia kwa sauti, akiwa amesimama, bila kujifunika uso, na Liwen akamshika kifundo cha mguu kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

Hivyo ndivyo Enguang alivyowakuta alipoingia na boksi la taa. Alimwona mama yake analia mlangoni na mchumba wake yuko sakafuni, akasimama palepale. "Liwen, umemwambia nini?"

"Muache," Cuie alisema. "Njoo hapa. Sikiliza. Baba yako alianguka kwa sababu kamba zilikuwa zimeoza na msimamizi alijua. Mimi sikuwepo. Mimi sikumla."

Enguang aliweka boksi chini taratibu, akamkumbatia.

"Najua, mama," alisema. "Najua tangu zamani."

"Wewe ulijua," Cuie alimjibu begani. "Mimi sikujua."