Hodi Haamrishwi

Jumatatu, tarehe 4 Agosti 2025. Manyunyu yalianza Nakaloke tangu alfajiri, na ukungu uliufunika Wanale hata mgeni asingejua kuna mlima. Nilipomaliza kuswali nilimwomba Mungu anipe maneno, maana siku hiyo Afande Mafabi, mkaguzi wa majoka, alikuwa anakuja kumpima Hodi wangu.

Majoka wa Wanale si wakubwa. Hodi anatoshana na ndama, rangi yake ni ya majani makavu, na mabawa yake hayamfikishi hata juu ya paa. Lakini pumzi yake hukausha mahindi ya majirani wote wakati wa mvua. Joka anayekataa kazi hupelekwa Jinja, kwenye kiwanda cha vyuma. Nilifika huko mara moja. Nilimkuta dada yake Hodi mbele ya tanuri, mdomo umeachamishwa kwa chuma, macho yamekauka. Aliishi miezi mitatu tu.

Hodi hakatai kazi. Anakataa kutosalimiwa. Lazima umuulize ameamkaje, kisha habari za nyumbani, kisha kuku wangu kama hawajambo. Ukiwaruka kuku, anakupa moshi mtupu.

Afande alifika na viatu vyake vizito. Majirani walikuwa wamepanga foleni na magunia yao chini ya turubai.

"Washa!" aliamuru.

Hodi akapiga miayo.

"Washa!"

Hodi akageuka, akaketi, akamwonyesha mkia.

"Msalimie kwanza, afande," alisema Makokha, dereva Mkenya anayenibebea mahindi. "Hata kwa mkwe huingii ukidai chai kabla ya salamu."

"Nisalimie mnyama? Mimi mtu wa serikali!"

"Ndiyo maana amekupa mgongo. Anadhani umekuja kuomba kura."

Watu walicheka. Afande hakucheka. Aliamuru mara ya tatu, akapata moshi wa puani.

Nikamsogelea Hodi. "Umeamkaje, mzee wangu? Nyumbani hawajambo? Na kuku je?" Moto ukatoka taratibu, wa kiasi kile kile kinachotakiwa, na mahindi yakaanza kunukia.

"Nimeona," alisema Afande. "Lakini huko ni kubembelezwa, si kutii. Sheria inataka amri." Kisha akashusha sauti. "Mama Madina, sikutakii mabaya. Weka sahihi hapa, kwamba utamchapa mpaka aache hizo salamu. Nitarudi baada ya mwezi. Usipoweka, kesho saa mbili asubuhi gari linampeleka Jinja."

Akanipa kalamu. Nilijua kuliandika jina langu nikiwa na miaka hamsini na moja, katika masomo ya jioni karibu na msikiti, na niliona fahari kuliko siku ya harusi yangu. Sikujifunza ili niliandike kwenye karatasi kama ile.

Nikamrudishia kalamu.

"Mama, fikiri," alisema.

"Nimefikiri, afande, na nimeomba pia."

Nikasimama mlangoni pa banda na kupaza sauti, ili hata wa mwisho kwenye foleni asikie:

"Wallahi, mbele ya Mungu na mbele yenu nyote: sitamchapa, na Jinja haendi. Gari likija kesho litanikuta nimeketi hapa mlangoni, na sitainuka mpaka lirudi tupu."