Vidonge vya Usiku

Muuguzi Khampheng alikuwa mtu wa kutaka kujua. Ukipita na kikapu, atataka kujua umebeba nini. Ukinyamaza, atataka kujua umenyamazia nini. Kwa hiyo Daktari Sisavath aliposema kwamba Ijumaa ataukata mguu wa Mwalimu Bounthanh, mtawa wa hekalu la ng'ambo ya daraja, wauguzi wengine waliinamisha vichwa, yeye akauliza, "Kwani dawa imeshindwaje?"

"Imeshindwa, basi! Kisiki cha mwanzi kimemchoma, kidonda kimeoza, siku nane za vidonge hazijasaidia kitu. Unataka nikuandikie barua?"

"Vidonge hivyohivyo vilimponya muuza samaki, daktari. Na kidonda chake kilinuka kuliko samaki wake."

Daktari alicheka bila kupenda, akaenda zake. Khampheng hakutulia. Jioni alivuka daraja.

Alimkuta Mwalimu barazani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Alipiga magoti, akainama mara tatu, kisha udadisi ukamshinda.

"Mwalimu, dawa unameza kweli?"

"Kama karatasi inavyosema, mama. Hata nukta siruki."

Akaionyesha. Ilikuwa ile karatasi yenye mhuri ambayo hospitali humpa kila mgonjwa mwenye vidonge hivyo: dalili za hatari, namna ya kuvimeza, zahanati ya karibu iko wapi. Khampheng ndiye aliyeiandika, na aliringa nayo.

"Naomba nione vilivyobaki."

Mwanamke hapokei kitu mkononi mwa mtawa, kwa hiyo Mwalimu alikiweka kikopo juu ya kitambaa baina yao. Ndani mlikuwa na vifurushi viwili vya jani la mgomba.

"Hivi sita ni vya kesho na keshokutwa," alisema Mwalimu. "Na hivi nane ni vya usiku."

"Vya usiku? Mbona hujavimeza?"

"Soma mwenyewe. Baada ya chakula cha asubuhi, baada ya chakula cha mchana, baada ya chakula cha usiku. Sasa mimi chakula cha usiku nilikiaga miaka thelathini na minane iliyopita. Nimeze baada ya nini?"

"Si ungeuliza!"

"Niuulize mhuri wa hospitali?"

Khampheng aliangua kicheko, kisha aibu ikamshika. Watawa hawali baada ya adhuhuri, nani asiyejua? Yeye mwenyewe kila alfajiri alipiga magoti barabarani kuwatilia wali wa kunata kwenye mabakuli yao. Alilijua jambo hilo kama ajuavyo jina lake, na wala halikumjia alipoandika. Kumbe kila siku Mwalimu alimeza saa kumi na mbili asubuhi, akameza tena saa tano, kisha kidonda kikaachwa kijiponye chenyewe hadi kesho yake.

Alimpigia daktari simu palepale. "Ale asile, ameze," alisema daktari. "Tumbo likimsumbua, avumilie. Na mguu wenyewe tutautazama wiki ijayo."

Wiki iliyofuata usaha ulikuwa umekauka. Wiki ya pili Mwalimu alitembea hadi kisimani, na Khampheng akamletea karatasi mpya aisome kabla haijachapwa. Alikuwa na furaha isiyofichika.

Mwalimu alisoma polepole, kidole juu ya mistari. "Hii inaeleweka. Ile ya zamani mmekuwa mkiigawa tangu lini?"

"Miaka sita sasa."

Mwalimu aliikunja karatasi, akaikunjua tena.

"Unamkumbuka Mtawa Phouvong?"

Alimkumbuka. Kijana mpole, mcheshi, aliyekuja na kichomi miaka mitatu iliyopita. Khampheng mwenyewe ndiye aliyemwekea vidonge na karatasi ileile, juu ya kitambaa. Siku kumi baadaye alirudi hajiwezi, na hakutoka hospitalini akiwa hai.

"Tulipokisafisha chumba chake tulikuta vidonge," alisema Mwalimu. "Tukadhani ameona nafuu, akaacha kuvimeza."

Khampheng alishindwa kutouliza.

"Vilikuwa vingapi?"

"Kumi," alisema Mwalimu kwa upole. "Kimoja cha kila usiku."