Shimo Nyuma ya Jiko la Mama

Mwamba ulitoka ndani ya bomba la mtambo wa kutoboa ardhi, mweusi, unang'aa, mrefu kama mchi. Wachorongaji wakashangilia. Mimi niliupitishia kidole gumba, nacho kikatoka cheusi tii. Sikuhitaji maabara. Kilikuwa kinywe, madini ya risasi za penseli, tena ukanda mwembamba usio na soko. Umeme hupita ndani yake kama unavyopita kwenye shaba iliyozikwa, ndiyo maana vipimo vyangu vilinidanganya kwamba kuna shaba, nami nikamshawishi mama mzazi aturuhusu kuchoronga uani kwake. Aling'oa mboga zake mwenyewe kutupisha.

Hilo lingekuwa la kuchekwa tu, nami nimeshazoea. Lakini asubuhi ile mama alishusha ndoo kisimani ikarudi na matope. Maji yake yalikaa juu ya tabaka la udongo wa mfinyanzi, na sisi tulikuwa tumelitoboa kama sufuria. Yote yalikuwa yanateremkia shimoni kwetu. Dawa ni saruji, isukumwe kwa pampu mpaka kwenye tabaka lile, kabla kisima hakijakauka.

Saruji na pampu vilikuwa kwenye lori la bosi, ambaye tulimwita Tuondoke kwa sababu hana neno jingine.

"Ni shaba au si shaba?" aliniuliza.

Nikisema si shaba, mtambo unang'olewa papo hapo na saruji inaondoka.

"Shaba iko chini kidogo tu, bosi. Tuzibe huku juu kwa saruji, halafu tuendelee."

Njia ya mwongo ni fupi. Bosi alichukua kipande cha mwamba akachora mstari kwenye mlango mweupe wa lori. Mstari ukakaa vizuri kweli, wa kumfurahisha mtoto wa chekechea.

"Dada, hii penseli. Tuondoke!"

Nilimng'ang'ania mkono. "Bosi, kisima cha mama kinakauka. Niachie saruji na pampu, nakuomba."

"Hiyo ni ya shimo linalofuata. Mama aje ofisini, tutaongea."

Wakaondoka. Niliwatukana mpaka sauti ikakauka, kisha nikakaa chini nikalia kama mtoto.

"Umemaliza?" mama aliuliza, beseni kichwani. "Haya, inuka. Machozi hayazibi shimo."

Shimo lenyewe halikuzidi upana wa mkebe, lakini lilimeza udongo wote tuliomimina. Tulihitaji kitu cha kukwama pale chini. Tukaviringisha magunia, tukayapaka udongo, tukayasukuma kwa mti mrefu. Yakapita. Mama akaleta blanketi lake, nalo likapita. Akachana godoro bila kunitazama. Kila mara tuliinama na kusikiliza, na kila mara tulisikia maji yakianguka mbali huko gizani.

Mama akaingia ndani tena. Alitoka na joho langu la kuhitimu chuo, alilolitunza sandukuni akiwaonyesha wageni kila walipokuja. Alilikunja, akalijaza udongo, akalifunga kwa mikono yake miwili na kunikabidhi.

"Hili zito," alisema. "Huenda likakaa."

Nililisukuma kwa mti mpaka likaachia. Tukainama wote wawili, vichwa vikigusana, tukasikiliza.

Maji bado yalikuwa yanaanguka.