Eda Ndani ya Gari

Mtu akikwambia eda ni kutulia nyumbani kimya, mwambie angekuja kuikaa pale alipoikaa dada yangu Sumaya: ndani ya Hiace, kwenye uwanja wanakolala madereva, ufukweni chini ya Kalundu, njia ya Baraka, ubavu kwa ubavu na nganda ya Bénédicte. Nganda ni baa, na baa ya yule mama haikujua kupumzika. Ilikuwa na mabafle mawili ya kupazia muziki, makubwa kama makabati, yote yametuelekea sisi. Asubuhi jenereta, mchana rumba, jioni rumba na walevi. Vioo vya gari vilitetemeka hata tukiwa kwenye swala.

Watu walishangaa, eda ndani ya gari? Lakini ndiyo nyumba waliyokuwa nayo. Ziwa lilipopanda likaila nyumba yao ya Kavimvira, mumewe, Nasoro, hakukaa kulia. Aling'oa viti vya nyuma vya Hiace, akafunga kitanda, akatundika mapazia, akapakia jiko la makaa na ndoo, wakaanza kuishi barabarani. Waliuza vitenge soko kwa soko, Kamanyola, Sange, Uvira, mpaka Baraka, na giza lilipowakuta ndipo walipolala. Sumaya aliwahi kuniambia hajapata raha kama ile maishani. Nilimcheka, nikamwita malkia wa magurudumu.

Nasoro alifia kwenye kitanda hicho hicho, kwa malaria iliyompanda kichwani, gari likiwa limeegeshwa pale uwanjani. Alikuwa ameliwekea mawe manne, moja kwa kila gurudumu, maana uwanja una mteremko wa kuelekea majini. Shehe alikuja, akalizunguka gari akilitazama, kisha akasema kwamba nyumba ya mjane ni hii, na ikae hapa hapa ilipokuwa siku mumewe alipofariki. Mchana anaweza kutoka kwa shida ya kweli. Kulala, alale hapa mpaka eda iishe. Mambo ya mirathi yatafuata baadaye.

Hilo la mirathi lilimhusu Djamali, mdogo wake Nasoro. Marehemu hakuacha mtoto, kwa hiyo sehemu kubwa ya gari ingekuwa yake, na hakuna aliyembishia. Sumaya hata hakulitaka. Alitaka kitu kimoja tu, amalize eda ya mumewe kwenye kitanda alichofia mumewe. Lakini Djamali alikwisha kuongea na watu wake, apakie abiria wa Baraka, na kila alipokuja kutusalimia alikuwa akiyagongagonga magurudumu kwa kiatu. Kumtoa mjane edani kwa nguvu asingethubutu, Waislamu wote wa Uvira wangemtemea mate.

Kilichonimaliza mimi, niliyehamia kukaa naye, ni ile kelele. Nilikwenda kwa Bénédicte mara nyingi, nikimwomba, mwishowe nikimfokea.

"Mama, punguza! Kuko mufiwa hapa."

"Na minye niko na batoto ba kulisha," alinijibu akifuta meza. "Weye uliona wapi nganda ya kimya?"

Sumaya mwenyewe hakulalamika hata siku moja. Alijifungia, akavuta mapazia, akalala chali asipate usingizi. Halafu jino likamwanza, gego la chini, taya likavimba hata uji haupiti. Shehe akasema hiyo ni shida ya kweli, aende mjini Uvira mchana, arudi kulala. Djamali aliposikia akatutumia taksi, tena ameshailipa, na salamu kwamba ana kazi, tumsamehe hawezi kutusindikiza. Nilimwombea dua mtu yule! Nikikumbuka natamani kuirudisha dua yangu mdomoni. Sumaya alifunga mlango wa Hiace, akauvaa ufunguo shingoni, tukaondoka.

Uvira ilikuwa vumbi na pikipiki, lakini muganga wa meno alikuwa na chumba cha nyuma kilichotazama bustani ya mihogo, na mle hapakusikika kitu. Jino liling'oka. Sumaya akakaa kwenye benchi kungoja damu ikate, akapitiwa na usingizi akiwa ameegemea ukuta, pamba mdomoni.

"Umuache alale," muganga aliniambia.

Nilimwacha. Ningemwamshaje? Tangu msiba sikuwa nimemwona akilala vile, mikono imelegea, uso umefunguka. Nilitoka nikanunua sambusa, nikarudi, bado amelala. Niliona raha kabisa kumtazama.

Tuliporudi, jua lilikuwa limeingia nyuma ya milima. Nilishuka kwenye taksi nikidhani dereva amekosea uwanja. Hiace haikuwepo. Mawe yalikuwepo, yote manne, kila moja mahali pake, na katikati doa la oili. Vitu vyetu vilipangwa kando ya ukuta wa nganda: godoro limekunjwa, jiko, ndoo, mswala juu yake usiguse udongo. Mwizi mwenye adabu zake.

Bénédicte alitoka mbio, mikono kichwani, akanijia mimi. "Shemeji yenu alikuja na fundi! Alisema mama iko anahamia mujini, weye njo ulimutuma. Minye mwenyewe nilimusaidia kushusha godoro."

Nilimtukana Djamali na vizazi vyake. Nikasema twende kwa shehe sasa hivi, kisha tukalale kwa mama yetu, mtaa wa Mulongwe. Sumaya alitikisa kichwa. Alikuwa ameshika ufunguo shingoni, shavu limemvimba.

"Minye nitalala hapa. Shehe alisema hapa."

"Yaya, hapa kuko nini? Kuko mawe tu!" nilimwambia dada yangu.

"Hapa njo nyumbani."

Akalibeba godoro peke yake, akalitandika katikati ya yale mawe manne, juu ya doa la oili, kichwa kikielekea kule kilikoelekea siku zote. Akalala, akajifunika kanga gubigubi.

Bénédicte alisimama akimtazama. Kisha akaenda kuzima jenereta. Wateja wakapiga kelele, akawafokea wakanyamaza. Nikasikia maji yakigonga mawe ufukweni, sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu nifike, na huo ndio ukimya niliokuwa nikiupigania.

Kanga ilikuwa ikitikisika. Sumaya aliuma pindo lake, na bado sauti ilikuwa ikitoka.

"Sharifa," aliniita. "Ambia ule mama atie tena."

"Atie nini, yaya?"

"Muziki. Bantu bananisikia."

"Si ni leo tu banakusikia?"

"Kila siku nalia," akasema. "Muziki njo ulikuwa unanificha."

Nikainuka, nikavuka uwanja, nikamwomba Bénédicte awashe jenereta na aongeze sauti.