Timu ya Shemeji

Kwa miaka mingi timu ya mpira ya shule ile ilikuwa jamvi la wageni. Shule yoyote ya jirani iliyotaka kujipa moyo mwanzoni mwa muhula iliomba mechi nayo, ikaja, ikafunga mabao ya kushiba, ikanywa soda na kuondoka ikiimba. Kiwanja chenyewe kilikuwa kimeinama. Mvua ikinyesha, maji yote yalikimbilia goli la chini, na kipa wa upande huo alicheza miguu imezama hadi vifundoni. Nguzo za magoli zilikuwa zimeoza, nyavu hazikuwepo, kwa hiyo kila bao lilifuatwa na mapumziko marefu wakati mtu anaufukuzia mpira barabarani.

Mwenye timu alikuwa mwalimu wa useremala, ambaye wanafunzi walimwita Randa. Hakuwa kocha wa kusomea. Alipewa timu kwa sababu karakana yake ilipakana na kiwanja, akabaki nayo kwa sababu aliipenda. Mazoezi yake yalikuwa ya kila mtu: aliyekuja alicheza. Wanene, wembamba, wanaojua, wasiojua hata mpira unapigwa na upande gani wa mguu, jioni wote walikuwa pale, upande mmoja watu ishirini, na Randa katikati yao akicheka kuliko watoto. Alijua nani hajala mchana na nani anaogopa kurudi kwao mapema. Ila kushinda mechi, hilo lilimpita kando.

Dada yake Randa, nesi wa zahanati, alikuwa ameolewa na mwalimu wa fizikia wa shule hiyo hiyo. Huyu naye alikuwa na jina lake: Sekunde. Alifunga mlango wa darasa kengele ikiwa bado inalia, na aliyebaki nje alibaki nje. Chuoni aliwahi kuchezea timu nzuri, kiungo, mpaka goti likamkatalia.

Mashemeji hawa walitaniana tangu siku ya harusi. Randa alikuwa akiwasimulia wageni kwamba mpiga picha wa harusi alimshika bwana harusi kiunoni akitaka kumsogeza pembeni, akidhani ni stendi ya taa. Sekunde naye alimjibu kwamba timu yake Randa ilikuwa na ukarimu wa ajabu, kwani kipa wa wageni huuliza kama anaweza kuja na godoro. Wakianza, yule nesi, mke wa mmoja na dada wa mwingine, aliondoka zake jikoni akitikisa kichwa, na watoto waliacha michezo yao wakaja kusikiliza. Ilikuwa ndiyo raha ya nyumba ile.

Kisha ikaja mechi ya siku ya wazazi. Timu ilifungwa tisa bila mbele ya wageni waalikwa, na bao la mwisho lilifungwa na beki wake mwenyewe, aliyekuwa anataka kuupisha mpira. Wazazi walicheka. Mkuu wa shule, mama asiyependa kuchekwa, hakucheka.

Siku chache baadaye alimwita Sekunde ofisini. Alimwambia anataka timu ianze upya, na anataka aichukue yeye. Akaongeza kwamba atatangaza kesho asubuhi mstarini, na kwamba jambo hili si vizuri Randa alisikie huko. "Ongea na shemeji yako leo," alisema. "Wewe mwenyewe." Sekunde akakubali yote mawili, timu na maongezi. Alitoka ofisini akitembea kama kijana, na goti lake halikumuuma.

Jioni hiyo Randa alikuja kwa dada yake kula, bila kualikwa, kama alivyozoea. Alikuwa amechangamka kupita siku zote. Alimpakata mpwa wake mdogo, akamsifia dada yake kwa chakula, akamchokoza Sekunde kwa kila njia: mbona leo kimya, mbona huli, au fizikia imegoma? Mara mbili alimuuliza kama hakuna habari yoyote mpya kazini. Sekunde alisema hakuna. Alijiambia atasema baada ya chakula. Baada ya chakula alijiambia atasema akimsindikiza. Walipofika barabarani alizungumzia paa la karakana, kwamba linavuja, na Randa akamtazama kidogo, akasema ndiyo, linavuja, akaaga.

Ni jambo dogo mno kulisimulia. Mtu alikuwa na neno moja la kusema, hakulisema. Sababu zenyewe zilikuwa za kawaida: aliogopa kuiharibu jioni, aliogopa kuuona uso wa mwenzake ukibadilika. Na chini ya hizo kulikuwa na nyingine ambayo hakuipenda. Alikuwa amefurahi, na hakutaka Randa aione furaha ile.

Asubuhi mkuu alitangaza. Wanafunzi waligeuka kumtazama Randa, aliyesimama mwisho wa mstari wa walimu na vumbi la mbao kwenye mikono ya shati. Randa alipiga makofi. Aliendelea kupiga hata wengine walipoacha.

Mkewe Sekunde alisikia habari hiyo zahanati, kwa mzazi aliyeleta mtoto. Aliporudi nyumbani alivua viatu, akakaa, akasema, "Kaka alikuwa hapa jana. Mlikula sahani moja." Hakusema zaidi, na Sekunde angeona nafuu kama angesema.

Basi kazi ikaanza. Sekunde aliweka saa ya mazoezi na kuishika. Aliyechelewa alirudishwa. Wiki ya kwanza walikuja watoto wengi, kwa mazoea. Ya tatu walibaki wachache hata nusu kiwanja kiliwatosha. Wanene walikuwa wa kwanza kuacha. Aliwafundisha waliobaki kupokea mpira, kutoa mpira, kuinua kichwa, kupokea tena. Waliona uchovu mtupu. Mama mmoja alikuja kumwondoa mwanawe akisema mtoto analala juu ya daftari. Walichukua udongo kwa karai na kujaza goli la chini, mvua ikaubeba, wakajaza tena. Mechi za mwanzo walifungwa kama kawaida, tofauti ni kwamba sasa hakuna aliyecheka, wala wao wenyewe.

Nahodha wa tangu zamani alikuwa kijana mrefu waliyemwita Mlingoti, beki, mzito wa kugeuka. Ndiye aliyekuwa amejifunga bao lile la tisa. Alikuja mazoezini kila siku ila alichelewa kila siku, akiomba radhi vizuri, bila kueleza. Sekunde alimvumilia kidogo, kisha akamvua unahodha mbele ya wenzake na kumweka benchi. Alitaka wote waelewe kwamba mambo yamebadilika, na kweli walielewa. Mlingoti alikaa benchi mechi mbili, amekunja magoti yake marefu, halafu hakuonekana tena. Sekunde aliandika jina jingine kwenye nafasi yake. Hakuuliza.

Shule ilipoamua kutengeneza magoli mapya, kazi ilikwenda karakana. Sekunde aliingia humo mwenyewe kuyaangalia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka kizingiti kile tangu siku ya tangazo. Nguzo zilikuwa zimelala juu ya meza ndefu, zimepigwa randa mpaka zinateleza, na zimeshapakwa dawa ya mchwa.

"Kazi nzuri, shemeji," alisema Sekunde. "Sasa kipa wako wa zamani atakosa kisingizio." Alisema hivyo akiwa na tabasamu tayari, akingoja kurushiwa jibu.

Randa alifuta mikono kwa kitambaa. "Asante, Mwalimu," alisema. "Zitakuwa zimekauka Ijumaa. Nitawatuma vijana wazichimbie."

Mwalimu. Walikuwa wawili tu mle ndani, na hakumwita vile kwa hasira. Alimwita kama anavyomwita mwalimu wa historia. Sekunde alibaki anasugua nguzo kwa kiganja, kisha akasema Ijumaa ni sawa, akatoka.

Nyumbani Randa aliendelea kuja, lakini alikuja saa ambazo Sekunde yuko kiwanjani. Watoto walikuwa wakisema mjomba amekuja, ameacha hiki, amesema kile. Sekunde alikuta kiti kimesogezwa na kikombe kimeoshwa.

Mwaka wa pili timu ikaanza kuzaa matunda. Walitoka sare na wale waliozoea kuwafunga, kisha wakawafunga. Watu wakaanza kusimama pembeni ya kiwanja jioni kuwaangalia. Ilipofika robo fainali ya wilaya, wakaenda ugenini na kushinda mbili moja, na gari lililowarudisha lilijaa nyimbo.

Walipokuwa wanaingia mjini, gari lilipunguza mwendo mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Vijana walikuwa wanashusha saruji kutoka kwenye lori. Mmoja alikuwa mrefu kuliko wote, mfuko begani, uso umepauka kwa vumbi. Watoto dirishani wakamwita kwa sauti moja: "Nahodha!" Mlingoti aligeuka mzimamzima, mzito kama zamani, akainua mkono uliokuwa huru, akacheka, akaingia na mfuko ndani. Nyimbo hazikurudi vizuri baada ya hapo.

Siku iliyofuata Sekunde alikwenda dukani pale. Alimkuta anakula kwenye kivuli cha lori. Alimwambia nafasi yake shuleni ipo, atazungumza na mkuu, na kwenye timu pia watatafuta namna. Mlingoti alisimama kwa heshima kumsikiliza, akijipangusa mikono kwenye suruali.

"Nashukuru, Mwalimu," alisema. "Lakini mimi shule nilikuwa nakuja kwa ajili ya ile jioni. Asubuhi nilikuwa navumilia tu."

Akaeleza, sasa ambapo hakukuwa na faida tena, kwamba alichelewa kwa sababu saa tisa ilimbidi ampeleke bibi yake, asiyeona, kutoka nyumba moja hadi nyingine. Mwalimu Randa alikuwa analijua jambo hilo. Sekunde alimuuliza kwa nini hakumwambia. Kijana alifikiri. "Hukuniuliza," alisema, kwa upole, kama anayemsaidia mtu kukumbuka jina.

Timu ilifika fainali ikashindwa kwa bao moja. Kwa shule iliyokuwa kichekesho, ilikuwa sherehe. Kombe la mshindi wa pili liliwekwa ofisini kwa mkuu, na Sekunde alipigiwa makofi mstarini. Alitafuta kwa macho mwisho wa mstari wa walimu. Randa alikuwepo, alipiga makofi kama wengine, akaacha wengine walipoacha.

Likizo ilipokaribia, mkewe alimwambia kwamba kaka yake amepata uhamisho. Hakuhamishwa, ameomba mwenyewe. Shule ya mbali, safari ya siku nzima.

Sekunde alimkuta karakana anapanga vifaa vyake kwenye sanduku: patasi, misumeno, vyembamba kwanza kisha vinene, kila kimoja kimefungwa kitambaa. Bila kuombwa alishika upande mmoja wa sanduku, wakalifunga kamba pamoja. Halafu akasema alichokuwa amekibeba muda wote ule.

"Nilipaswa kukuambia jioni ile, shemeji. Ulikuja nyumbani, ukakaa, nami nikanyamaza. Nisamehe."

Randa alikaza fundo. "Mkuu aliniita kabla yako," alisema. "Asubuhi ile. Aliniuliza nani anafaa. Nikamtajia jina lako."

Sekunde hakuelewa.

"Mimi ndiye niliyekutaja. Timu ilikuwa imenishinda, nilikuwa naona. Nikamwomba mkuu asikuambie, nikasema huyu aje aniombe ruhusa, nimsumbue kidogo kwanza." Alitabasamu, ila si kwa Sekunde. "Nilikuwa nimeshapanga nitakachosema. Ningekukatalia mpaka upige magoti na goti lako lile. Ndiyo maana nilikuja kula. Nikangoja. Nikakuuliza. Mpaka barabarani nikawa nangoja bado, wewe ukaniletea habari za paa."

Randa hakusema hayo kwa ugomvi. Ingekuwa ugomvi, Sekunde angejua la kufanya.

"Nilikwisha kusamehe," alisema Randa. "Siku nyingi. Ila utani umenitoka. Nikikuona najipima maneno, na mimi sijazoea kupima maneno kwa dada yangu." Akainama kushika upande wake wa sanduku. "Shika huko. Zito hilo."

Walilibeba mpaka kwenye gari. Dada yake alikuwa pale na watoto, analia bila kujificha. Randa alimkumbatia, akawanyanyua watoto mmoja mmoja, akampa Sekunde mkono, mkono mzuri, wenye nguvu.

Muhula uliofuata Sekunde alijaribu kurudisha baadhi ya mambo. Siku mbili za wiki alifungua kiwanja kwa yeyote atakayekuja, na wakaja watoto wawili watatu, wakasimama pembeni kwa adabu wakingoja kuambiwa wafanye nini. Alianza kuwauliza wanaochelewa sababu. Walimpa sababu fupi fupi, za uongo, kwani walikuwa bado wanamwogopa. Mlingoti aliombwa apite Jumamosi moja kuwaonyesha wadogo kazi ya beki. Alisema ataangalia. Hakupita, na Sekunde hakumfuata tena, maana alimwona ana kazi, ana bibi, na ana maisha yaliyokwisha kupangika bila yeye.

Timu iliendelea kushinda. Mkewe hakuja kuitazama hata mara moja. Hakuwa amekasirika, alisema tu jioni zake zina kazi.

Randa alikuwa akimpigia simu dada yake siku za Jumapili. Sekunde alisikia kicheko cha mkewe kutoka chumbani, kicheko kile cha zamani, na salamu alizoletewa: kaka anakusalimu. Jumapili moja mkewe alitoka na simu mkononi, akampa. "Ongea naye," alisema, akarudi ndani.

Waliulizana habari za afya, za mvua, za watoto. Sekunde akauliza kama huko kuna mpira.

"Upo," alisema Randa. "Wamenipa timu. Jana tumefungwa sita." Na sauti yake ikapanda kidogo mwishoni, kama ilivyokuwa ikipanda zamani alipoacha mlango wazi ili mwenzake aingie na jibu.

Sekunde alilisaka lile jibu. Alilisaka kwa haraka, akijua liko karibu, kuhusu kipa, kuhusu godoro, kuhusu chochote. Alijikuta anapima maneno.

"Poleni sana," alisema.

"Tumeshapoa," alijibu Randa. "Haya, Mwalimu. Wasalimie watoto."