Mhimili Uliolazwa

Haya, kitegue hiki, wala usikimbilie kunipa mji: mbingu nzima inamzunguka naye hasogei, Uingereza yuko juu ya mapaa, Kampala amelala chini kabisa hata hatumwoni. Umeshindwa? Ni nyota ya kaskazini. Na kwa kulala kwake huko, mtu alipotea.

Mtu huyo ni Mwalimu Saverio Okot, Mwacholi, aliyekaa Mengo na mkewe Rosalba. Ua wao ulikuwa mmoja na wa Bibi Rukiah, Mnubi msuka vikapu, mjane wa askari. Wahindi walipofukuzwa, mmoja wao, aliyefundisha pamoja na Okot, alimwachia darubini. Mwaka uliofuata, Desemba ya sabini na tatu, redio ikatangaza nyota yenye mkia, naye Okot akaitoa darubini na kuisimamisha uani.

Stendi yake ilikuwa na mhimili ambao sharti ulingane na mhimili wa dunia, uielekee ile nyota ya kaskazini. Ukilingana, nyota unaifuata kwa kuzungusha kitasa kimoja tu. Kitabu chake, kilichochapwa Uingereza, kilionyesha mhimili umeinuka kama mtu anayemtazama mwewe. Okot akauweka hivyo siku tatu, na nyota zikamtoroka. Siku ya nne akajipiga paji la uso. Kwetu kwenye ikweta, mhimili sharti ulale.

Rukiah ndiye aliyemsaidia. Ili kuipata kaskazini, walining'iniza jiwe kwa uzi, na jua lilipofika kileleni wakapiga mstari wa chaki juu ya kivuli. Rukiah, kwa jicho lake la ususi, akamwonyesha mstari ulipopinda kwa upana wa punje ya mtama.

“Mwalimu, unampimia nani kaburi?” akamtania.

“Anayeuliza,” akajibu Okot, wakacheka.

Kisha Okot akaushika mhimili, naye Rukiah akatazama pimamaji na kukaza skrubu. Jioni ile Zohali ilitulia kwenye kioo na pete yake. Bibi wa watu aliitazama mpaka shingo ikamuuma, akasema sasa anajua Mungu naye anasuka.

Lakini upande wa kaskazini, ng'ambo ya ukuta, kapteni mmoja alikuwa amehamia nyumba iliyoachwa na Wahindi. Alipofungua dirisha, akaona chuma kimemlenga. Asubuhi ya pili askari watatu wakaingia uani. Okot akaeleza kwa upole, na ili waamini, akawaletea kitabu. Maskini, angekificha. Mkubwa wao aliiweka picha ya kitabuni kando ya stendi, akalinganisha.

“Kwa kitabu inaangalia Mungu,” akasema. “Ya kwako inaangalia kapteni.”

Okot akasema kitabu kimeandikwa kwa nchi za watu wengine. Askari wakaguna. Ndipo wakamwendea Rukiah mlangoni pake, wakamwamkia kwa heshima kama mjane wa askari mwenzao, wakamnong'oneza swali. Rosalba, aliyesimamishwa jikoni, aliona midomo ya bibi ikicheza, neno hakulisikia. Okot akaambiwa avue viatu, akatiwa kwenye buti ya gari.

Rosalba alizunguka magereza na kambi mpaka soli zikatoboka. Kila mahali jina halipo. Akirudi, humuuliza Rukiah: walikuuliza nini, ukawajibu nini? Rukiah humwekea chai, akamwambia anywe, mwanangu, maji yanapoa. Akampikia, akamfulia, akamlilia. Jibu hakutoa. Mwaka ukapita.

Kisha ukoo wa Okot ukamwita Rosalba kwao. Wazee walitaka kumfanyia Okot matanga, lakini kwanza mke aeleze mumewe aliondokaje, na kama palikuwa na mtu aliyemtetea. Rosalba akafunga mzigo, akaja kuketi sakafuni kwa Rukiah. Chai ikaletwa. Akaisogeza kando.

“Leo sinywi, Bibi. Nikifika watauliza. Niwaambie ulisema nini?”

Rukiah akatazama ukili mapajani mwake. Alijua akinyamaza tena, huyu mwana atakwenda kumpa heshima asiyostahili mbele ya wazee, atasema kulikuwa na bibi mmoja mwema.

“Waliniuliza ile stendi imeanguka au kuna mtu ameilaza,” akasema. “Ningesema imeanguka, nimeigonga mimi na beseni la nguo, wangenicheka wakaenda zao. Niliogopa, Rosalba. Nikasema ameilaza Mwalimu, peke yake, na mimi nilimkataza.”