Spika ya Teremka

Siku aliyozikwa Maalim Pandu, mjinga wa Wete nilikuwa mimi. Nasema mapema ili mtu asianze kunitafutia utetezi katikati ya habari. Nimeutafuta mwenyewe, sikuuona.

Nilikuwa kaimu meneja wa Teremka, tawi la Wete, huku Pemba. Teremka ni yale maduka ya bei ya chini: bidhaa zinauzwa kwenye maboksi yake yaleyale zilizokuja nayo, hakuna wa kukufungashia, na mfuko unakuja nao kutoka kwako. Makao makuu yako Unguja. Kabla ya hapo niliuza mitumba Tanga nikaibiwa, nikafuga kuku Gando wakafa kwa kideri, nikabeba zege mpaka mgongo ukakataa kazi kabla yangu. Kwa hiyo nilipopewa shati lenye jina langu kifuani, nililipenda kupita kiasi. Ila mbele ya jina palishonwa neno "Kaimu", na neno lile nilitaka liondoke.

Unguja walikuwa na amri mbili wasizotania nazo. Mlango usifungwe saa za kazi, na spika isinyamaze. Spika ilikuwa juu ya mlango, kubwa kama friji ya soda, na ndani yake mwanamke mmoja asiyechoka: "Wahi, wahi, bei imeteremka, usibaki nyuma." Asubuhi mpaka tunafunga. Ruweida, msimamizi wa makeshia, alikuwa akisema mwanawe kajua kusema "wahi" kabla ya kusema "mama".

Asubuhi ile msikiti ukatangaza kifo cha Maalim Pandu. Nusu ya mji ilijifunza Kurani kwake, na mimi nimo, ingawa mie bakora zake nilizihifadhi vizuri zaidi kuliko sura. Wafanyakazi wakaanza kuvua aproni. Ruweida akaja ofisini, kanga begani.

"Bwana Kaimu, sie tunakwenda msibani. Funga tutoke."

"Nendeni. Mie nabaki, duka lisifungwe."

"Ubaki umuuzie nani? Mji mzima uko kwa Maalim."

"Ni amri ya Unguja, Ruweida."

Akanitazama kama anayetazama samaki wa juzi. "Haya. Wasalimie Unguja."

Wakaondoka wote. Baada ya adhuhuri nikasikia watu wanakuja na kalima. Kwetu jeneza likipita, mwenye duka huvuta mlango akasimama nje. Mwenye nguvu huingia mstarini akapokea bega hatua chache. Haridas, jirani yangu wa duka la vyombo, maziko ya Waislamu si ya dini yake, lakini alikuwa keshafunga na kusimama barazani, mikono kaikunja mbele. Nami nikaushika mlango nivute. Hapo nikaikumbuka kamera iliyo juu ya kaunta, ile wanayotuangalia nayo kutoka Unguja. Mkono ukabaki pale pale.

Na spika, wallahi, nilikuwa nimeizoea hata siisikii tena.

Basi maalim wangu akapitishwa mbele ya mlango wangu ulio wazi, na juu ya kichwa chake mwanamke yule anaita: "Wahi, wahi, usibaki nyuma." Watu wakapaza kalima kuifunika. Haikufunikika, ilinunuliwa hasa kwa ajili ya kushinda kelele za soko. Talib, mtoto mkubwa wa marehemu, alikuwa bega la mbele. Akageuza shingo, akanitazama mara moja tu. Mpaka nakimbilia waya kuuchomoa, kwenye barabara kulikuwa na vumbi na mzee mmoja wa mwisho anayechechemea, naye hakunisalimu.

Kesho yake hakuna aliyetugombeza. Ingekuwa nafuu. Watu walipita mlangoni, wakaniamkia kwa adabu zote, wakenda kununua sukari kwingine kwa bei ya juu. Watoto wa shule wakanipa jina, Bwana Wahi. Makeshia walikaa nyuma ya mashine zao wakitazama maboksi, na maboksi yakiwatazama wao.

Bosi wetu, Bwana Adil, akapiga simu. Adil kazaliwa hapa hapa Wete. Mamake, Bi Kaniz, bado anaishi nyumba ya juu mtaa wa nyuma na hataki kusikia habari ya kuhamia Unguja.

"Haroub, mauzo yameanguka. Yasiponyanyuka kabla ya Ramadhani, tawi nalifunga. Mali inarudi Unguja na meli, na watu wako waende kwao."

"Yatanyanyuka, bosi."

"Nikuletee promosheni?"

"Usilete kitu."

"Na mbona siisikii spika?"

"Imepata mafua."

Nilipokata simu Ruweida alikuwa mlangoni, kasikia yote. Ana watoto watatu na mama mgonjwa, na kule nje walikuwepo wengine wenye zao. "Sasa utafanya nini?" akauliza, safari hii bila kunitania.

"Nakwenda kuosha masufuria."

Akadhani nimechanganyikiwa. Lakini kila nilipomaliza zamu nilikwenda msibani kwa Maalim, nikakunja suruali, nikakaa uani na majivu na makumbi. Siku ya kwanza hakuna aliyenisemesha. Sufuria lililoungua kuliko yote ndilo lililosukumwa upande wangu, nikalisugua mpaka nikaiona sura yangu ndani, sura ya mtu mjinga lakini msafi. Nikateka maji. Nikabeba kuni. Shati la Teremka nililiacha nyumbani. Mtu mmoja akaniuliza, "Bwana Wahi, leo bei gani?" Nikamwambia leo bure, alete na sahani yake. Wakacheka wawili watatu, nikaendelea kusugua.

Siku ya mwisho Talib akaja akasimama juu yangu.

"Ijumaa tunasoma hitima," akasema. "Njoo."

"Inshaallah."

"Ila spika iache kwako."

Ua zima likacheka, na mimi nikacheka wa mwanzo. Jumamosi mkewe Talib akaingia dukani kununua mchele. Akanunua kidogo, lakini akapita barabara kubwa na ule mfuko, watu wakamwona. Wiki ile wakaanza kurudi, mmoja, wawili, kisha na majirani zao. Hatukuwa tumefika pale Adil alipotaka, lakini tulikuwa tunakwenda. Akatuma habari kwamba anakuja mwenyewe, Jumamosi ya mwisho kabla ya Ramadhani, aamue.

Jumamosi hiyo duka lilifurika. Tende, unga, sukari, tambi. Foleni ilifika kwenye maboksi ya sabuni. Ruweida alikuwa anapiga mashine huku anatabasamu, jambo nililokuwa sijaliona tangu maziko. Nikajisemea, bosi akishuka melini akakuta hivi, tumepona.

Ndipo msikiti ukatangaza. Bi Mize kafariki, yule aliyekuwa akiuza mandazi nyuma ya duka letu. Anazikwa adhuhuri.

Ruweida akaacha kupiga mashine. Foleni nzima ikageuka kunitazama. Nikaitazama kamera, nikaipungia mkono ili wajue kuwa nimewaona, kisha nikauchomeka tena waya wa ile spika, nikachukua maikrofoni yake.

"Jamaa, kafa mtu. Tunafunga. Acheni vikapu vyenu hapo hapo mlipo, tukirudi kila mtu na nafasi yake."

Wakaviacha vikapu sakafuni kwa mstari, kama vyenyewe ndivyo vinavyongoja kulipa. Wanawake wakenda nyumbani kwa marehemu, sisi tukenda kumbeba. Bi Mize alikuwa mwepesi. Nilipokea bega mara mbili, mara ya pili nyuma ya Talib.

Tuliporudi, kundi zima na vumbi miguuni, wanawake nao wakitokea upande wa msibani, Bwana Adil alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka, begi mapajani, jasho linamtiririka.

"Karibu, bosi. Pole na safari."

"Jumamosi ya mwisho kabla ya Ramadhani," akasema, "na mimi nimekaa nje ya duka langu kama mdai. Nani kakupa ruhusa ya kufunga?"

"Nimejipa."

"Basi jivue na hilo shati."

"Nitalivua. Ila kwanza niwauzie hawa, vikapu vyao vimo ndani."

"Akilivua yeye na mie aproni yangu hii," akasema Ruweida, na keshaanza kufungua kamba.

Adil akasimama. Si mtu mbaya. Alikuwa na joto, na njaa, na juu yake wapo wanaomuuliza kama yeye anavyotuuliza sisi. "Nyinyi hamnielewi. Duka la bei ya chini linaishi kwa kuuza sana. Watu wanafariki kila siku. Tukifunga kila akifa mtu, na duka nalo litakufa, na nyote hapa hamna kazi. Niambieni nimekosea wapi."

Na kusema kweli, kwa hesabu za Unguja hakukosea. Ruweida naye kamba ya aproni bado imo mkononi.

Watu wakapisha nyuma. Bi Kaniz alikuwa anakuja, buibui limeshika vumbi kama sisi, kwani naye alitoka kwa Bi Mize. Alikuwa kasikia yote. Akasimama mbele ya mwanawe.

"Mama, haya mambo ya kazi."

"Na mie nauliza ya kazi. Jeneza langu litabebwa na watu wanne, Adil. Weye mmoja. Hao watatu utawaagiza Unguja?"